Usalama na Afya: Kitanda cha Mtu Anayelala na Joto



Kila mwaka, mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashika vizuri, dispanseri hupokea wagonjwa wa namna moja. Mtu anaingia, hana homa, hakohoi, haharishi. Anasema tu: «Muganga, mimi nalala moto. Usiku kucha nageuka kama samaki juu ya makaa, asubuhi shuka limelowa.» Ukimwuliza amefanya nini, atakujibu kwamba ameondoa chandarua apate hewa, au amehamia chini kwenye saruji, au mama wa nyumba amehamia chumba cha watoto. Wiki mbili zikipita, baadhi yao wanarudi tena, na safari hii tunawakuta na malaria.

Ndiyo sababu leo tunazungumza juu ya kitanda. Wengine watacheka kwamba ukurasa wa usalama, badala ya kofia na viatu vya kazi, umeanza kuhubiri mashuka. Wacheke, lakini wasome. Watafiti wa Australia walipima jambo hili na kulitangaza mwaka 1997: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, mikono yake na akili yake hufanya kazi kama za mtu mwenye gramu 0,5 za alkoholi katika kila lita ya damu. Mlevi tunamzuia getini kwa sababu ananuka. Yule ambaye hakulala kwa ajili ya joto hanuki kitu. Anapita, anapanda kwenye lori au anashika mashini ya kutoboa mawe, na sisi sote tuko karibu naye.

MWILI NAO NI JIKO

Mtu aliyelala hutoa joto karibu sawa na taa ya umeme ya wati 70 au 80. Joto hilo lazima lipate njia ya kutoka. Saa ya usingizi inapokaribia, mwili wenyewe hufungua njia: damu huja kwenye ngozi, hasa ya mikono na miguu, na joto la ndani hushuka karibu digrii moja. Hushuka mpaka kwenye saa 10 au 11 ya usiku, ndipo linaanza kupanda tena. Joto lisipopata njia, usingizi unakatika, hata kama mtu amechoka namna gani.

Njia za kutokea si moja. Joto hupita kwenye kitu cha baridi ulichokigusa, huchukuliwa na upepo, na huondoka na jasho linapokauka. Shikeni hilo neno la mwisho. Jasho linalotiririka na kubaki kwenye shuka halijapoza kitu. Kinachopoza ni kukauka kwake. Kwa hiyo kitanda kizuri kwa mtu wa joto ni kile kinachoruhusu hewa kupita na jasho kukauka. Ukienda dukani na swali hilo moja, hakuna mwuzaji atakayekudanganya kwa rangi ya maua.

Sasa tutazame nchi yetu. Teritwari ya Fizi ina hali za hewa zaidi ya moja. Baraka iko kando ya Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 770 juu ya bahari, na hewa ya pale ni nzito kwa unyevu. Fizi kituo iko juu milimani, na ukipanda zaidi mpaka Minembwe utaona watu wamejifunika mablanketi mawili. Mfanyakazi anayeshuka kutoka huko juu hushuka na godoro lake na blanketi lake, zawadi ya mama yake, kisha anashangaa kwamba Baraka inamnyima usingizi. Blanketi halina kosa. Lilifanya kazi yake vizuri kule lilikotoka, liache huko, au likunje uliweke sandukuni mpaka utakapopanda likizo.

TUANZE NA KILICHO CHINI YAKO

Watu wengi huanza kulaumu mabati. Mimi naanza na godoro, kwa sababu nusu ya mwili wako imelibana na upepo haufiki huko.

Magodoro mengi ya sokoni siku hizi ni ya sponji, yale tunayoyaita matela ya musi. Sponji ni vijumba vidogo vilivyojaa hewa isiyotembea, na hewa isiyotembea huzuia joto lisipite, kama vile manyoya ya kuku yanavyomkinga kuku. Sponji laini ni mbaya kuliko ngumu: mtu anazama ndani, sponji inapanda pande zote mbili na kumkumbatia, na njia zote zinazibwa. Wanunuzi wengi hutazama unene tu. Godoro nene la sponji nyepesi hulegea upesi na kufanya shimo katikati. Bora jembamba lililo gumu. Likandamize kwa ngumi dukani: likikubali mpaka chini na kuchelewa kurudi, liache hapo hapo.

Lakini simwambii mtu yeyote atumie mshahara kununua godoro jipya kabla hajajaribu mambo matatu haya.

La kwanza, ondoa plastiki. Katika nyumba nyingi, godoro jipya linabaki katika mfuko wake wa nailoni mwaka mzima lisichafuke. Wengine wamelifunika kwa shitingi kwa sababu ya mikojo ya watoto. Jasho likifika kwenye plastiki linasimama, halizami wala halikauki, na wewe unalala juu ya maji yako mwenyewe. Kwa mtoto anayekojoa, kata kipande cha shitingi kinachofika chini ya kiuno chake tu, na juu yake tandika kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Mtu mzima hahitaji shitingi.

La pili, tandika mkeka juu ya godoro, chini ya shuka. Wazee wetu walilala kwenye mkeka kabla sponji haijafika, na walikuwa na akili. Mkeka ni mgumu kidogo, hauachi mwili uzame, na kati ya ukili na ukili kuna vijia vya hewa. Uwe mkeka wa majani au wa matete, ule unaosukwa kwa mkono. Ile mikeka ya plastiki yenye picha za tausi inapendeza sebuleni, lakini kitandani inarudi kuwa shitingi yenye rangi. Wengine husema mkeka unaumiza mbavu. Usiku wa kwanza ni kweli, usiku wa nne umezoea.

La tatu, inua kitanda na ufungue chini yake. Godoro lililolazwa kwenye ubao mzima haliwezi kupumua. Vibao vya chini viachane kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Kitanda cha kamba kinashinda vyote, kwa sababu hewa inapita chini mpaka mgongoni. Halafu toa masanduku, mitungi na magunia ya mihogo yaliyojazwa uvunguni. Najua nyumba ni ndogo. Toa angalau upande mmoja, ule unaotazama mlango.

Je, saruji? Ni kweli saruji inapoza, kwa sababu inanyonya joto la mwili. Lakini chini ndipo wanapotembea nge, tandu na nyoka, na mtu aliyelala chini mara nyingi hana chandarua kilichofungwa vizuri. Mwenye kutaka baridi ya saruji ajipumzishe hapo mchana dakika chache akiwa macho, kisha arudi kitandani.

SHUKA: JARIBIO LA UZI MMOJA

Hapa ndipo pesa ndogo huleta faida kubwa. Uzi wa pamba hunywa unyevu: hata ukiwa mkavu kwa kuushika, karibu sehemu 8 katika 100 za uzito wake ni maji uliyoyavuta hewani. Uzi wa poliesta hauvuti hata sehemu moja katika 100. Kwa hiyo shuka la pamba huchukua jasho ngozini na kulitandaza likauke, na shuka la poliesta huliacha lilipo. Ndiyo maana lile shuka linalong'aa kama hariri, la bei nzuri, lenye maua makubwa, linanata mgongoni saa 7 ya usiku.

Katika soko la Baraka nguo zinafika kwa mashua kutoka Kigoma na kwa barabara kutoka Uvira, na maandishi ya kwenye paketi si ya kuamini sana. Vitenge nao ni hivyo: vingi vinavyouzwa kwa jina la pamba vimechanganywa au ni poliesta kabisa. Fanyeni hivi. Chomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, nenda nao nje, mbali na petroli, uushike kwa kibano au kwa vijiti viwili, uuchome. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka kama karatasi, na inaacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inafanya kitone kigumu cheusi na kunuka plastiki. Mwuzaji akikataa usichomoe uzi, dondosha tone la maji juu ya kitambaa. Pamba iliyofuliwa hulinywa mara moja. Kitambaa kipya chenye wanga kinaweza kukudanganya kwa tone, kwa uzi hakiwezi.

Shuka bora kuliko yote mara nyingi halinunuliwi. Kitenge cha zamani cha pamba cha mama, kilichofuliwa mara mia mpaka kimekuwa laini, kinashinda shuka jipya la dukani. Vishone viwili pamoja. Mashuka ya mitumba nayo ni mazuri ukichagua mepesi: linyanyue kwenye mwanga, weka mdomo, upulize, pumzi yako ikipita, chukua.

Fua mara mbili kwa juma wakati wa joto, maana chumvi ya jasho na mafuta ya mwili huziba nyuzi. Anika kwenye kamba, juani, usitandaze juu ya majani. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Tunawatoa hapa dispanseri kila msimu wa mvua. Pasi ya moto pande zote mbili inaua mayai hayo. Kwa mto, epuka mto mnene wa vipande vya sponji, kwa sababu kichwa kinatoa joto jingi. Mto mdogo wa sufi au nguo za pamba zilizokunjwa unatosha.

Watu wamesikia kwamba huko Ulaya na Marekani kuna mito yenye jeli ya kupoza. Ipo. Inapoza kwa sababu jeli inanyonya joto, lakini ikishashiba joto lako inakuwa kama mto mwingine wowote. Kuna pia wanaolowesha shuka kwa maji kabla ya kulala. Kule kwenye hewa kavu njia hiyo ni nzuri. Hapa kando ya ziwa, mwezi wa mvua, shuka halikauki, na mpaka asubuhi umelala kwenye umande na godoro limeota ukungu. Kama ni lazima, lowesha kitambaa kidogo, ukamue sana, upanguse shingo, mikono na miguu, kisha ulale bila kujifuta.

CHANDARUA KIBAKI

Sasa tumefika mahali penye ugomvi. Wanaosema chandarua kinaleta joto hawasemi uongo. Wataalamu waliopima upepo ndani ya chandarua waliukuta umepungua kwa zaidi ya nusu. Lakini Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku watu wamelala. Anayetoa chandarua Oktoba amechagua mwezi mbaya, maana mvua inaleta madimbwi na madimbwi yanaleta mbu.

Kinachotakiwa ni kukifunga vizuri. Chandarua cha pembe nne ni bora kuliko cha duara kinachoning'inia kwenye pete moja, kwa sababu hakikugusi usoni na ndani yake kuna hewa nyingi. Kama mlipewa kidogo, ombeni kikubwa katika mgawo unaofuata. Kifungwe juu kadiri kamba zinavyofika, kivutwe pembe zote, kisilegee katikati. Kifue kinapojaa vumbi na moshi, kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, ukikaushe kivulini, maana jua kali linaharibu dawa. Matundu yaliyozibwa na vumbi hayapitishi hewa. Na mshumaa usiingie chini ya chandarua, hata kama kitabu ni kitamu.

Upepo nao una desturi yake. Mchana ardhi inapata moto kuliko maji, na upepo unatoka ziwani kuja kwetu. Usiku milima ya nyuma yetu inapoa, na hewa ya baridi inashuka kuelekea ziwani. Siku zisizo na tufani au kusi kali, mambo huenda hivyo. Kwa hiyo anayelala usiku afungue upande wa mlima, na anayelala mchana afungue upande wa ziwa. Kitanda kikae katika mstari wa kutoka tundu moja hadi jingine, hata kama kinaharibu mpangilio wa viti.

Najua kwa nini madirisha yetu hufungwa usiku. Katika teritwari hii watu wameona mengi, na siwezi kumwambia baba wa watoto afungue dirisha kwa ajili ya afya. Fanyeni basi matundu ya hewa juu ya ukuta, chini ya paa, pande mbili zinazotazamana, mtu asiweze kupita, na mwekewe wavu wa waya. Hewa ya moto hupanda. Ikipata tundu huko juu itatoka yenyewe.

KWA WATU WA ZAMU YA USIKU

Hawa ndio ninaowahurumia zaidi. Wanafika nyumbani saa 1 asubuhi, wakati joto la mwili limeanza kupanda, na wanataka kulala huku bati linapata moto. Saa 6 mchana bati linaweza kufika digrii 60, nalo linakuchoma kutoka juu kama makaa, hata kama hewa ya chumba si mbaya. Kwao mashuka peke yake hayatoshi. Wafunge plafoni, hata ya mikeka ya matete, mita moja chini ya bati kama urefu wa nyumba unaruhusu, na hapo chini pasiwashwe moto wala mshumaa. Walale katika chumba cha upande wa magharibi, ambao asubuhi una kivuli. Waoge maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, maana maji ya baridi sana hufunga ngozi na joto linabaki ndani. Chandarua nacho wasikiache kwa kuwa ni mchana: utafiti uliofanywa Bangui na kutangazwa mwaka 2022 uliwakuta mbu wa malaria wakiuma mchana, kati ya mara 20 na 30 katika kila 100, hasa ndani ya nyumba.

Na glasi ya lotoko «ya kuleta usingizi» iachwe. Inaleta usingizi wa saa mbili, kisha inakuamsha umelowa jasho, una kiu na moyo unadunda.

JASHO AMBALO KITANDA HAKILITIBU

Nimeliweka mwisho, lakini mtu akikata kipande kimoja cha ukurasa huu akibandike ukutani, akate hiki. Jasho la joto linakoma mwili ukipoa. Ukiona unalowesha shuka hata usiku mvua imenyesha, hata ukiwa likizo Fizi juu ambako wenzako wamejifunika, usitafute shuka jingine. Malaria inatoa jasho baada ya baridi na homa. Kifua kikuu kinatoa jasho usiku, na pamoja nalo kuna kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kupungua uzito, homa ndogo za jioni, wakati mwingine damu katika makohozi. Mfanyakazi wa mgodi yuko karibu na ugonjwa huu kuliko mkulima, kwa sababu vumbi la mawe linalokaa kwenye mapafu humfungulia kifua kikuu mlango. Virusi vya ukimwi, tezi ya shingo, sukari ikishuka kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, na baadhi ya vidonge vingine navyo hutoa jasho. Mama aliyefika umri wa kukoma hedhi hupata mawimbi ya joto usiku. Huyo si mgonjwa, lakini tuna ushauri wa kumpa, asione haya.

Vipimo vya kifua kikuu na dawa zake ni bure katika nchi yetu, na kwa wagonjwa wengi matibabu ni ya miezi 6. Atakayekuja atuambie mambo matatu: jasho lilianza lini, anakohoa tangu lini, na mkanda wa suruali umerudi matundu mangapi. Aje asubuhi kabla ya kula dawa yoyote ya dukani, na kama kuna mtoto anayelala naye kitanda kimoja, aje naye.